Saa ya kurudi: kisa cha boti iliyosubiri nje ya mlango

Boti ilikuwa ya faiba, urefu mita 6, wazi juu, mashine moja ya nguvu farasi 40 tezini, yaani nyuma. Ndani tulikuwa watatu: nahodha, ambaye hata wazee wenzake humwita Mzee, kijana aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, na mimi, niliyekaa omo, yaani mbele, na kushika amari, kamba ya nanga. Tulitoka alfajiri, tukarudi magharibi, hakuna aliyeumia, na samaki tulipata. Visa vya namna hii havichunguzwi. Watu huosha boti, hugawana samaki, hulala. Mimi nimeshindwa kukiacha kipite hivyo. Siku ile nilimwona nahodha mmoja akikosea kosa ambalo wengi wetu hulifanya kila mwezi, na saa chache baadaye akafanya uamuzi ambao wachache wetu tungekuwa na moyo wa kuufanya. Ningependa yeyote anayevua kwa boti ndogo akijue kisa hiki kwa saa zake na vipimo vyake.

Kwanza mahali. Tulitoka kwenye hori linalofungukia baharini kwa mlango mwembamba. Mbele ya mlango limelala fungu la mchanga, na njia ya kuingia na kutoka ni juu yake, hakuna nyingine. Maji yakipwa kabisa siku za bamvu, zile ambazo maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, juu ya fungu hubaki mita 1.8. Siku hiyo ilikuwa ya pili baada ya mwezi mpevu, bamvu lenyewe, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa ilikuwa mita 3.2. Jedwali lilionyesha kilele cha maji saa 4:40 asubuhi, na maji kufika chini kabisa saa 10:50 jioni. Upande mmoja wa mlango inatokeza rasi ya mawe. Nyuma yake pana kina cha mita 6 na chini ni mchanga. Mwamba tuliokwenda kuvua uko kilomita 11 nje, kwenye kina cha mita 22.

Mpango nahodha aliutoa tukiwa bado tunapakia, na ulikuwa mzuri. Kutoka saa 11:45 alfajiri, maji yameshaanza kujaa. Kuvua hadi saa 4 kamili. Kisha kung'oa nanga, mwendo wa saa nzima, na kupita mlangoni saa 5, maji yakiwa yamesimama au ndiyo kwanza yanaanza kutoka. Saa hiyo hakuichagua kwa mazoea. Maji hayapwi kwa mwendo mmoja: ukigawa tofauti yote katika sehemu 12, saa ya kwanza hutoka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Nusu nzima ya maji hutoka katika saa ya tatu na ya nne. Kwa jedwali la siku ile, hiyo ni kuanzia saa 6:40 mchana hadi saa 8:40. Mlango mwembamba, hori lote linajimwaga baharini: hapo hupaswi kuwapo.

Mengine aliyoyapakia nayataja kwa sababu mchana tulikuja kuyatumia yote. Petroli aliihesabu kwa theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba isiyoguswa. Amari ya nailoni mita 120 na mnyororo mita 4 mbele ya nanga. Maji ya kunywa lita 15 kwa watu watatu, ambayo kijana aliyaona mengi mno kwa safari ya asubuhi moja. Upo mbili za kufulia maji, yaani vyombo vya kuyatoa botini, si moja. Redio ya mkononi ya VHF iliyowekwa kwenye mfuko usioingiza maji.

Asubuhi bahari ilikuwa shwari kama maji ya mtungi. Samaki walikuwa wachache, wanagusa chambo na kuacha. Kijana alikuwa na simu yenye kipimo cha mgandamizo wa hewa na alikuwa akiisoma kwa udadisi tu: hektopaskali 1011 saa 12, na 1008 ilipofika saa 3. Kushuka kwa hektopaskali 3 katika saa 3 ni jambo la kulitazama popote pale. Katika ukanda wa joto ni zaidi ya hapo, kwa kuwa huko hewa ina kupanda na kushuka kwake kwa kila siku: kipimo hupanda chenyewe hadi karibu saa 4 asubuhi, ndipo kishuke hadi karibu saa 10 jioni. Kikishuka wakati kinapotakiwa kupanda, kuna kitu kinakivuta. Kijana aliisema namba kwa sauti, nahodha akatazama upande wa nchi kavu. Mawingu yalikuwa yamejengeka juu kwa juu kama minara, vichwa vyake vimeanza kutandazika. Ilikuwa saa 3:50.

"Kusanyeni mishipi," alisema.

Hatukumaliza. Nilikuwa na mikono miwili kwenye amari nilipohisi baridi shingoni, baridi ya ghafla yenye harufu ya udongo uliolowa, ilhali udongo ulikuwa kilomita 11 kutoka tulipo. Ukiisikia hiyo, una dakika, huna saa. Ndani ya wingu la radi mvua ikianza kushuka huburuta hewa ya baridi pamoja nayo. Hewa hiyo ikigonga chini hutawanyika mbele ya mvua yenyewe, na upepo hufika kabla ya tone la kwanza. Juu ya maji ulionekana kama mstari mweusi unaotembea kuja kwetu. Nahodha alitazama ule mstari, akatazama nanga, akasema, "Iache. Ongeza amari." Niliilegeza hadi mita 110, mara 5 ya kina, nikaifunga omoni. Tukavaa majaketi ya kuokolea, ambayo, na hili naliandika kwa masikitiko, tulikuwa tumeyakalia tangu alfajiri.

Kubaki kwenye nanga ulikuwa uamuzi sahihi. Boti iliyofungwa omo hugeuka yenyewe kuukabili upepo, na mawimbi huipanda kwa pale ilipo juu zaidi. Ingefungwa tezi, mashine na uzito wake vingeizamisha. Na kama tungekimbia, mvua ingetukuta katikati ya njia, hatuoni kitu. Upepo ulifika kama kilomita 55 kwa saa kwa makadirio yangu, maana povu lilianza kujipanga kwa mistari kufuata upepo. Katika vipimo vya Francis Beaufort, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeanza kuvipanga mwaka 1805, hilo ni daraja la 7, na uzuri wa vipimo vyake ni kwamba unaweza kuvisoma kwa macho juu ya maji hata kama huna chombo chochote. Tulifua maji kwa zamu kwa dakika 20. Kijana alifua zamu yake na yangu.

Saa 4:35 upepo ulikuwa umepita. Mvua ilisogea, jua likatoka, bahari ikalala tena.

Hapa ndipo kisa kinapoanza kwa kweli. Samaki wakaja. Sijui niseme vipi ila hivyo: mshipi ulikuwa haufiki chini. Changu baada ya changu, wekundu, wazito, na chewa wawili ambao kila mmoja alitaka watu wawili kumvuta. Nahodha alikuwa ameshasema tuondoke, kijana alikuwa ameshaogopa, mimi nilikuwa nimeloa hadi mifupani, na wote watatu tulishusha mishipi. "Robo saa tu," nahodha alisema saa 4:40.

Nimeifanyia hesabu ile robo saa mara nyingi. Kama tungeondoka palepale saa 4:40, tungefika mlangoni saa 5:45, saa moja na kidogo baada ya kilele, maji yakiwa yametoka sehemu 1 kati ya 12. Tungepita tukizungumza. Kama tungechukua robo saa iliyosemwa, tungefika saa 6, na bado tungepita. Kwa hiyo robo saa haikuwa kosa, na nadhani ni vizuri kulisema hili, kwa sababu mvuvi akiambiwa kwamba kila dakika ya ziada ni kosa hataamini, na hana sababu ya kuamini. Kosa ni kwamba robo saa ile haikuwa na mwisho. Hakuna aliyetazama saa. Kila mtu alikuwa na mshipi mkononi.

Tena utulivu ule ulitudanganya kwa njia ya pekee. Baada ya dhoruba mtu huhisi kwamba deni limeshalipwa: mbaya imeshakuja, imeshapita, yaliyobaki ni mazuri. Lakini mwendo wa maji ulikuwa hauna habari na dhoruba yetu. Na dhoruba ilikuwa tukio dogo tu ndani ya badiliko kubwa ambalo kipimo cha hewa kilikuwa kimelitaja mapema. Saa 5:30 upepo ulianza kutoka upande wa bahari, taratibu, wala haukukoma. Tulipong'oa nanga ilikuwa saa 6:15, na ulikuwa umefika kilomita 33 kwa saa, bahari nzima ina vichwa vyeupe. Upepo ukiongezeka mara 2, msukumo wake huongezeka mara 4. Na mawimbi hukua kwa mambo matatu, nguvu ya upepo, muda uliovuma, na masafa ya maji uliyopitia bila kizuizi. Wa nchi kavu wa asubuhi haukuwa na masafa. Huu ulikuwa nayo yote.

Njia ya kurudi ilikuwa na mawimbi nyuma yetu. Nahodha aliagiza sanduku la samaki lisogezwe katikati na chini, na maji yafuliwe hadi sakafu ionekane, kwa kuwa maji yanayocheza ndani ya boti hukimbilia upande ule ule unaoinama na kuuinamisha zaidi. Tukafika mbele ya mlango saa 7:20.

Nilichokiona pale sitakisahau. Kilomita nzima nje, mawimbi yalikuwa makubwa lakini marefu, yanapanda na kushuka kwa adabu. Juu ya fungu yalikuwa yamesimama wima. Hayakuwa yakienda mbele; yalikuwa yakiinuka palepale, yanakunja kichwa, yanaanguka, na lingine linainuka kwenye povu la lile lililoanguka. Katikati yake maji ya hori, ya kahawia kwa mvua, yalikuwa yakitoka kwa kasi.

Kijana alikuwa na hoja, na ilikuwa hoja nzito. "Mzee, maji bado ni mengi. Tukisubiri yatazidi kupungua, fungu litafunga. Ni sasa au hatupiti." Alikuwa sahihi kuhusu kina. Maji yalikuwa yametoka sehemu 5 kati ya 12, na juu ya fungu palikuwa na zaidi ya mita 3.5. Nyumba tulikuwa tunaziona, milango yake tunaweza kuihesabu. Nahodha hakumkemea. Aliigeuza boti, omo ikatazama baharini, akaweka mwendo wa kushikilia tu, akasema, "Tutazame dakika 10, mwanangu."

Katika dakika hizo nilihesabu mawimbi yanayopita chini yetu: 10 kwa sekunde 40. Wimbi la sekunde 4 kwenye maji ya kina husafiri kama mita 6.2 kwa sekunde. Linapokutana na mkondo unaokuja kinyume, hufupika na kuinuka, na mkondo ukifika robo ya mwendo wake, nguvu ya wimbi haiwezi kusonga mbele tena. Robo ya 6.2 ni kama mita 1.5 kwa sekunde. Mkondo wa mlango ule, katikati ya maji kupwa siku za bamvu, ni huohuo mita 1.5 kwa sekunde. Nahodha hana hesabu hii, na hakuihitaji. Aliliona jambo lenyewe kwa macho. Nimeiweka hapa kwa ajili ya yule atakayesema kama kijana alivyosema, kwamba maji ni mengi. Maji yalikuwa mengi kweli, lakini mlango ulikuwa umefungwa na mkondo. Boti ya mita 6 ikiteremka kwenye uso wa wimbi kama lile, omo huzama kwenye maji yanayokuja kinyume, tezi hubebwa na wimbi, boti hugeuka ubavu, na linalofuata huikuta hivyo.

"Hatupiti," nahodha alisema. "Twende nyuma ya rasi."

Kugeuka ukiwa unaiona nyumba ni kazi ngumu kuliko zote za bahari, na historia ya wavuvi ina ushahidi wake. Tarehe 14 Oktoba 1881, katika pwani ya kusini-mashariki ya Uskoti, wavuvi wa Eyemouth na vijiji jirani walitoka asubuhi tulivu. Hali mbaya ya hewa ilikuwa imewaweka nchi kavu siku kadhaa, na kipimo cha hewa bandarini kilikuwa chini sana. Dhoruba iliwakuta nje. Walikufa 189, kati yao 129 wa Eyemouth peke yake, na wengine walikufa kwenye mawe ya mlango wa bandari, wakikimbilia ndani, familia zao zikiwatazama. Chombo kimoja, Ariel Gazelle, kilibaki baharini kikapambana na dhoruba huko huko nje. Kilirejea Jumapili, watu wake wakiwa hai, wakati kilikuwa kimeshahesabiwa miongoni mwa vilivyopotea.

Nyuma ya rasi tulitia nanga kwenye mita 6 na kutoa amari mita 45, zaidi ya mara 7 ya kina. Hapakuwa shwari, palikuwa na mtikisiko wa kuchosha, ila mawimbi hayakuvunjika. Nahodha alinionyesha alama mbili za nchi kavu, jiwe jeupe na mti nyuma yake, vikiwa kwenye mstari mmoja. Vikiachana na visirudiane, nanga inaburura. Akaniambia pia niweke kiganja juu ya amari. Nanga iliyoshika hutoa mvuto mzito unaokuja na kuondoka kama pumzi. Inayoburura hutuma mtetemo mdogo mdogo wa mfululizo, kama kamba inayokwaruzwa kwenye ubao. Nilikaa na kiganja pale hadi ngozi ikakunjamana kwa maji, na mara moja, kama saa 8:30, niliusikia ule mtetemo. Tuliongeza mita 10, ukaisha.

Kisha akafanya jambo ambalo nadhani lilikuwa kubwa kuliko nanga. Aliita nchi kavu kwa redio, chaneli 16, ile ya wito na dharura, akahamia chaneli nyingine alipojibiwa, akasema tulipo, tuko wangapi, hatuna shida, tutapita kati ya saa 12 na 12:30, na yeyote asitoke kutufuata. Wakati huo boti moja ya jamaa ilikuwa imeshawashwa kuja kutuchukua. Ingepita juu ya fungu lile lile, kinyume cha mawimbi yale yale, kwa ajili ya watu watatu waliokuwa salama. Nikiwaza siku ile, hofu yangu haiendi kwetu, inakwenda kwao.

Saa tano zilikuwa ndefu. Kijana alitapika hadi akaisha, akafunikwa turubai, akapewa maji kidogo kidogo. Lita 15 hazikuwa nyingi tena. Saa 10 jioni alijiinua akauliza kama sasa tunaweza, kwa sababu mkondo ulikuwa umekaribia kusimama na vichwa vya mawimbi mlangoni vilikuwa vimelegea. Hapo hata mimi nilitaka. Nahodha alikataa tena, na safari hii kwa sababu ya kina. Mawimbi ya nje yalikuwa kama mita 0.9. Hicho ndicho kimo ambacho utabiri hukitaja, wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa. Lakini wimbi moja moja katika kundi lake linaweza kufika karibu mara 2 ya hapo, mita 1.8. Na wimbi huanza kuvunjika kina kinapofika karibu mara 1.3 ya kimo chake, yaani mita 2.3 kwa lile kubwa. Kuelekea saa 10:50 juu ya fungu pangebaki mita 1.8. Kijana sasa alikuwa ameambiwa "hapana" mara mbili kwa sababu mbili zilizo kinyume, na uso wake ulionyesha.

Jua lilipolegea, upepo nao ulilegea. Saa 12 jioni ulikuwa kama kilomita 18 kwa saa na mawimbi yameshuka hadi mita 0.6, kubwa lao labda 1.2. Maji yalikuwa yamejaa kwa saa moja na dakika 10. Juu ya fungu mita 2.2, na mkondo sasa ukiingia horini pamoja na mawimbi, ukiyanyoosha. Tulisimama nje tukatazama makundi matatu yakipita. Baada ya lile la tatu nahodha alisukuma mashine, akapanda mgongo wa wimbi na kukaa pale, hapiti lile la mbele, hangoji lile la nyuma. Mkono wake kwenye mashine ulikuwa ukisogea kila mara, kidogo sana. Tulikuwa ndani saa 12:09, mwanga bado upo wa kutosha kuona boya la kufungia boti.

Usiku ule ule tulizungumza. Nahodha hakujisifia kusubiri. Alirudia robo saa yake, akauliza nani alikuwa na saa. Mimi ndiye niliyekuwa nayo, mkononi, chini ya mkono wa jaketi, na sikuifunua. Kwa hiyo akabadilisha jambo moja tu: saa ya kurudi hutajwa kabla ya kutoka horini, na anayekaa omo hashiki mshipi katika nusu saa ya mwisho. Kazi yake ni kuitamka. Majaketi nayo siku hizi huvaliwa gatini.

Wiki iliyofuata niliitamka saa 3:30 asubuhi, na changu mkubwa alikuwa nusu ya njia kupanda. Nahodha alimtoa huyo mmoja, akakata chambo kilichobaki kwenye ndoana, akaanza kukunja mshipi.